Nilitia Sahihi Kabla Sijamaliza Kukagua

Wazee wangu wa Songambele, shikamooni. Nanyi akina mama, na wenzangu mliokaa huko nyuma kwenye nyasi, hamjambo. Mchungaji amenipa nafasi, akaniambia niseme polepole maana nikianza kulia sisikiki. Nitajitahidi. Mtu sitamtaja jina, awe hai au marehemu.

Mimi ni wa Nyakasimbi. Wazazi wangu walitoka Burundi kabla sijazaliwa, wakawa vibarua kwenye vibanja vya watu, wakapalilia migomba isiyo yao mpaka wakapata kipande chao. Walinisomesha kwa shida. Nikajifunza kupiga chapa, nikapata ukarani katika hospitali moja ya misheni. Miaka ya tisini ikaletwa kompyuta, nikakabidhiwa mimi. Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona! Watu walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani wanione nikiigusa.

Kazi ya ile kompyuta ilikuwa kutoa orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu kila mwezi, kijiji kwa kijiji. Manesi walifunga dawa za kila mtu kwa kufuata orodha hiyo, zikapelekwa zahanati iliyo karibu naye. Jina lako lisipotoka, kifurushi chako hakipo.

Programu iliandikwa na fundi wa mjini. Alipomaliza aliniambia, "Dada, chukua daftari la wagonjwa, weka rula, linganisha jina kwa jina na hii orodha. Ukiridhika, tia sahihi hapa."

Vijiji vilikuwa vinne. Nilikagua vitatu. Ilikuwa Ijumaa, gari la fundi linanguruma nje, mwenyewe anatazama saa. Nikajisemea, vitatu viko sawa, cha nne kitaharibikaje? Nikatia sahihi. Tena nikasifiwa kwa wepesi.

Katika kijiji hicho cha nne, upande wa Bweranyange, kulikuwa na akina mama wawili wenye jina moja, na la baba moja. Mnajua wenyewe majina yetu huku yanavyofanana. Programu ikadhani ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Ikamfuta mmoja.

Yule mama alifika zahanati, akaambiwa jina lako halipo, rudi mwezi ujao. Akarudi. Halipo. Alikuwa mpole, si mtu wa kubishana na wenye makoti meupe. Nyumbani alisema, labda wameona nimepona. Mara ya tatu hakuja.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni kwangu asubuhi, akasema, "Yule mama mwembamba wa Bweranyange tumemzika juzi. Hebu nitazamie, kwa nini jina lake lilikuwa halitoki?"

Nikafungua daftari, nikaweka rula. Mistari miwili, inafuatana. Kwenye orodha, mmoja.

Nikamwambia, "Ni mimi. Sikukagua."

Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akalia.

Siku hiyohiyo niliandika barua ya kuacha kazi. Mganga mkuu alinisihi: "Kosa si lako peke yako. Hata sisi tulipaswa kuuliza." Ni kweli. Lakini sahihi iliyokuwa pale chini ilikuwa yangu. Nikarudi kwa mama. Karibu mwaka mzima sikushiriki meza ya Bwana. Nililima, nikachuma kahawa. Mama ananiwekea ndizi na maharage, baadaye anakuja kuondoa sahani ikiwa vilevile, sijaigusa. Siku moja akaniambia, "Nimewahi kuzika watoto wawili. Wewe ndiye wa kwanza kunifia huku unatembea."

Maneno hayo yalinitoa nyumbani. Nikaenda Bweranyange kwa mume wa marehemu. Nilimkuta anapalilia migomba. Nikapiga magoti palepale kwenye magugu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamweleza yote, mpaka ile Ijumaa na gari. Hakunifukuza, wala hakuniinua. Alisikiliza ameegemea jembe. Kisha akauliza:

"Hiyo mashine bado inafanya kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Na bado inafuta watu?"

"Sijui. Niliacha kazi."

"Mwana wange, uliacha?" Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Anayejua shimo lilipo ni wewe. Umeliacha wazi, unakuja kulia kwangu. Machozi mimi ninayo ya kutosha. Nenda kaangalie."

Akageuka, akaendelea kupalilia. Nilikwenda kuomba msamaha, ndugu zangu, nikarudi nimetumwa.

Hospitali walikuwa na karani mwingine. Nikaomba hata kufagia ofisi ile, wakanikubalia. Fundi alipokuja nikamwambia, "Kaka, nifundishe." Naye kifo kile kilikuwa kimemkondesha. Akasema, "Jicho la mtu huchoka, na mtu huwa na haraka. Tuifundishe mashine ijikague yenyewe, kila tunapobadilisha programu." Mafundi wanaita majaribio ya kiotomatiki. Unaandika amri mara moja. Mashine inazirudia bila kuchoka.

Kusema ni rahisi! Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Jenereta iliwashwa kwa muda wa saa mbili tu kila siku, kwa ajili ya maabara. Kwa hiyo niliandika amri zangu kwa penseli kwenye daftari, jenereta ikinguruma nakimbilia kuzipiga. Fundi aliniachia kitabu kinene cha Kiingereza. Mwalimu mmoja wa sekondari akawa ananifafanulia kila Jumapili baada ya ibada. Wiki nzima mashine ilinikatalia kwa sababu ya nukta moja. Nilitupa kile kitabu mara mbili. Mara mbili nikakifuata.

Baada ya mwaka na miezi, jaribio langu la kwanza likasimama. Niliwatunga wanawake wawili, jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja. Nikaiamuru mashine itoe orodha, na wasipotoka wote wawili iniambie. Kwenye orodha ya kifua kikuu wakatoka wawili, maana fundi alikuwa ameirekebisha baada ya kile kifo. Nikalielekeza jaribio lilelile kwenye orodha ya wagonjwa wa kifafa, iliyotoka kwenye programu hiyohiyo lakini hakuna aliyeirekebisha. Mashine ikaandika: mmoja hayupo.

Tukakimbilia daftari. Tukakuta mzee mmoja, mwenye jina sawa na la mwenzake, ameachwa nje mwezi huohuo. Nesi akapanda pikipiki na dawa. Akamkuta hai.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali nikalia. Jaribio lile lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mama yule alikufa kwa kukosa muda huo.

Leo nimeajiriwa Mwanza, kwenye ofisi inayoandika programu. Kazi yangu ni kuzipima. Haitoki hata moja kabla haijapita kwenye majaribio yangu.

Nawashukuru nesi yule, fundi, mwalimu, na mama yangu, yuko pale mbele. Nililojifunza ni hili: ukikosea, usijifiche ndani ya huzuni ukadhani hiyo ndiyo toba. Mwaka wangu mzima wa kulia haukumponya mtu. Yule mzee wa kifafa angekufa nami niko kibanjani, nalia.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Bweranyange kumweleza yule baba. Alisikiliza hadi mwisho. Akaingia mgombani, akakata mkungu, akanitwisha, akasema, "Mpelekee mama yako." Neno la kunisamehe hajalitamka, nami sijamwomba tena. Niombeeni. Lakini mwombeeni yeye zaidi, maana nilipokuwa naondoka alikuwa anawasha moto apike, na nyumba nzima alikuwa peke yake.