Nikolausi Margwe na Mapipa Aliyoyakwangua

Ninyi mliofika hapa Gitting asubuhi hii mkiwa nyuma ya pikapu, mliangalia mmekalia nini? Lile koti jeusi la kwenye bodi, gumu, lenye chembechembe kama ngozi ya kenge, ambalo pembe ya ng'ombe hailikwaruzi na maji ya mvua hayalipenyi, limepulizwa na mkono wa huyu tunayemzika, na kati ya pikapu kumi na moja zilizoegeshwa pale kwenye mabua, tisa ni kazi yake, pamoja na hiyo iliyomleta kutoka mochwari. Familia imeombwa isome historia fupi, ya kawaida, isiyomuudhi mtu. Sorry to say, ya namna hiyo hatukuipata.

Marehemu Nikolausi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 kijijini Tumati, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Margwe, yule pale aliyeshika fimbo, shikamoo baba, ambaye leo anamzika mtoto badala ya mtoto kumzika yeye, na akabatizwa Desemba mwaka huohuo. Alisoma Shule ya Msingi Tumati kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akafaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari kwa shule nzima zilikuwa mbili na majina mawili yaliyosomwa yalikuwa ya watu wengine, naye akarudi kuchunga bila kulalamika, maana tangu utoto alikuwa mtu wa kutii, ukimwambia kaa hapa mpaka nirudi, unamkuta hapohapo na giza limeingia.

Mwaka 1986 alipata kibarua kwenye mashamba ya ngano ya serikali huku Hanang, akaanza kwa kupiga msasa mabodi ya matrekta, akapanda hadi kuwa fundi rangi kamili, na kombaini zile nyekundu mlizokuwa mkiziona zikivuna, zilikuwa nyekundu kwa sababu yake. Tarehe 9 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Philomena, wakajaliwa watoto watatu, Lucia mwaka 1994, Bonaventura mwaka 1998, na Eva mwaka 2005, na katika nyumba hiyohiyo akamlea na kumsomesha mdogo wake wa mwisho, Basili.

Kisha yakaja mageuzi, kila kitu cha serikali kikatafutiwa mwenyewe, hata yale mashamba ya ngano, na mwezi Machi 2003 marehemu akakabidhiwa barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, akaja nayo nyumbani akampa Basili amsomee, Basili akiwa kidato cha nne. "Redundancy ndiyo nini?" akauliza. "Kaka, ni kwamba hawakuhitaji tena." Marehemu akaikunja ile barua taratibu, akasema, "Kumbe. Mimi kwa jinsi inavyosikika nilijua nimepewa cheo." Wote wakacheka, Philomena akacheka mpaka akatoka nje, na huko nje hakuwa anacheka.

Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa, Babati imejaa ofisi na kila ofisi ina pikapu, barabara ni za mawe, na ndipo Bwana Nicodemo, mliye naye hapa kwenye viti vya mbele, aliporudi kutoka mjini na kompresa, bunduki ya kupulizia na mapipa mawili, akafungua gereji Katesh, na Jumatatu tarehe 3 Mei 2004 akamwajiri marehemu kuwa fundi wa kwanza. Kazi yenyewe ni hivi: bodi la pikapu linapigwa msasa mpaka chuma king'ae, pembeni panafunikwa magazeti na tepu, maji ya pipa moja yanachanganywa na maji ya pipa la pili, na kabla hayajaganda unapuliza haraka, umeinama ndani ya bodi, koti la kwanza, koti la pili, la tatu, huku ukungu wake ukikuzunguka mpaka mtu wa nje asikuone. Ukikauka hautoki. Kwenye chuma hautoki, kwenye viatu hautoki, na hakuna aliyejiuliza kuhusu ndani ya mtu.

For the record, kinga ilikuwepo. Pamoja na ile mashine ilikuja maski moja nzito ya mpira, yenye vichujio viwili mashavuni, marehemu akavalishwa siku moja tu, akapigwa picha ya kalenda ya mwaka 2006, chini yake pameandikwa SAFETY FIRST, kisha maski ikavuliwa, ikafutwa, ikatundikwa ofisini kwa bosi ili wateja waione, na fundi akarudi kazini na kipande cha khanga ya mke wake puani. Mkaguzi alifika mara mbili, na mara zote mbili alifika na gari lake lipigwe koti.

Badala ya maski, Bwana Nicodemo alitoa nusu lita ya maziwa kwa kila fundi kila siku ya kazi, akisema, "Kunyweni, maziwa yanaosha kifua," na sisi watu wa ng'ombe nani atatuambia ubaya wa maziwa, tuliamini kwa moyo mmoja, tukamsifu bosi kwa utu wake. Kifua kilipoanza kumbana mwaka 2007, Philomena alidhani nusu lita haitoshi, akauza cherehani yake, akanunua mtamba mwenye mimba, akawa anamkamulia mume wake kikombe kabla ya kazi na kikombe baada ya kazi, miaka minne, bila kukosa siku. Mama Lucia, hukukosea wewe. Maziwa yanakwenda tumboni, ule ukungu ulikuwa unakwenda kwenye mapafu, na waliojua tofauti hiyo walikaa kimya.

Liko jambo lingine, nalo familia inalisema kwa uchungu, maana linamgusa marehemu mwenyewe. Kila pipa lilikuja na lebo, jina la kilichomo, michoro ya hatari, maandishi ya namna ya kujikinga, na Bwana Nicodemo, akiogopa mafundi wa Babati wasijue anaagiza nini, alimkabidhi marehemu kazi ya kuikwangua lebo hiyo mara tu pipa linapoteremshwa, kwa msasa na thina, mpaka libaki bati tupu, na akamwapisha kwamba siri haitoki. Marehemu aliapa. Alijivunia hata, kwamba katika mafundi wote yeye ndiye anayeaminiwa kushika pipa, na kwa miaka saba alifuta kwa mkono wake mwenyewe yale maandishi yaliyokuwa yanamwita kwa jina.

Mwaka 2009 alikuwa anakohoa hadi anashika ukuta, akapimwa makohozi mara tatu, mara zote hayakuonyesha kitu, lakini kwa kuwa kifua kilikuwa kibaya akaanzishiwa dawa za TB, akazimeza miezi sita kwa utiifu uleule, asipone. Mwaka huohuo Basili alimaliza chuo kikuu, shahada ya kemia, upper second, kila muhula umelipwa na mabodi ya pikapu, akarudi nyumbani kungoja ajira, na anaingoja mpaka leo, ana barua arobaini na sita zinazoanza na We regret, na watani wa Katesh wanamuuliza kama hiyo kemia inakaangwa au inachemshwa.

Novemba 2010 ndugu hao wawili wakaenda hospitali ya misheni, wakamkuta daktari kijana, mwanamke, ambaye hakuanza na kipimo, alianza na swali. "Baba, Jumapili unapumuaje?" Marehemu akafurahi kuulizwa. "Jumapili napumua kama kijana, daktari. Jumatatu mchana kifua kinafunga mlango. Mimi nilijua ni baraka ya misa." Daktari hakucheka. Akauliza habari za wenzake wawili, Gidion na Shumbana, akaambiwa wanakohoa pia, na Shumbana, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kukanyaga misa, naye hupumua vizuri Jumapili, siku ambayo gereji imefungwa. Hapo daktari akaweka kalamu chini, akasema, "Acha kazi hiyo leo. Na mniletee jina la kilichomo kwenye pipa, lebo tu, nijue napambana na nini, kwako na kwa hao wenzako."

Jina tu. Wiki ya pili pipa jipya likateremshwa Katesh, na Basili akampigia simu. "Kaka, nisomee lebo, herufi kwa herufi, mimi naandika." "Nimeshakwangua." "Umekwangua lini?" "Asubuhi, liliposhuka." "Kaka, daktari si alikuambia mbele yangu?" Kukawa na kikohozi kirefu kwenye simu, kisha marehemu akasema, "Aliniambia. Lakini bosi niliapa kwake mwaka 2004. Sasa nimwambie nini, kwamba kiapo changu kina expire date?" Wala kazi hakuacha, kwa kuwa Lucia alikuwa sekondari, na kwa kuwa msomi wa nyumba alikuwa amekaa nyumbani anakula ugali wake.

Basili akaenda mwenyewe kwa Bwana Nicodemo, akamwamkia shikamoo kama inavyopasa. "Marahaba, msomi. Umeshapata kazi?" "Bado, mzee. Nimekuja kuomba jina la ile dawa ya mapipa, daktari anaihitaji." "Hiyo ni trade secret, kijana. Nikikupa leo, kesho Babati nzima wanapiga koti." "Mzee, siyo kwa ajili ya Babati, ni kwa ajili ya daktari." "Daktari naye ana ndugu Babati." Akacheka, akamgongea bega, akasema kaka yako ana TB, mpeni supu apumzike. Ule mlango ulifungwa kwa adabu zote.

Aprili 2011 marehemu hakuweza tena kupanda kilima cha hapa nyumbani bila kuketi mara nne, akakaa nyumbani, na tulianza kuona uso wake ukirudi. Lakini Ijumaa tarehe 17 Juni, Gidion alianguka kwa kikohozi katikati ya kazi, bodi limepigwa koti moja, dawa imeshachanganywa inaganda, na simu ikapigwa hapa Gitting kwamba gari ni la mkubwa, linatakiwa kesho. Philomena alisimama mlangoni. "Baba Lucia, huendi." "Mama Lucia, ni koti mbili tu, ndani ya saa moja nimerudi." Akaenda. Alizipiga zote mbili, zikatoka safi, akaweka bunduki chini, akashika ukingo wa pikapu, na kutoka hapo hakuongea tena sentensi nzima. Alikimbizwa hospitali na Shumbana, akawekewa oksijeni, na akafariki tarehe 19 Juni 2011, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili na miezi kumi, siku ya Jumapili, siku ambayo huwa anapumua.

Cheti chake kinasema ugonjwa wa njia ya hewa, sababu haijathibitishwa. Juzi jioni Bwana Nicodemo alikuja na jeneza, na gunia la mchele, akamwita mzee Margwe pembeni, akaomba historia iandike TB, kwa heshima ya marehemu. Mzee alimwacha amesimama hapo. Alirudi akaketi karibu na moto, akamwambia Basili, "Andika kilichotokea, na uandike kwa herufi kubwa, macho yangu mabovu."

Familia inamshukuru daktari aliyeuliza habari za Jumapili, pamoja na wauguzi waliomgeuza na kumfuta jasho kwa siku mbili, inawashukuru majirani wa Gitting na ndugu wa Tumati kwa kuni, maji na mahindi, waumini wa jumuiya kwa sala, wafanyabiashara wa Katesh waliofunga maduka ili wafike, na kwa namna ya pekee Shumbana na Gidion, waliochimba kaburi hili jana kwa zamu, mmoja akichimba na mwingine ameketi akitafuta pumzi. Hatuwezi kuwataja wote, wengine mtatusamehe.

Kaka Nikolausi, ulale pale ambapo hakuna atakayekuamsha kumalizia kazi ya mtu, na kile kiapo chako, sisi tuliobaki tunakivunja leo kwa niaba yako, lawama ziwe zetu.

Sasa Bwana Nicodemo. Shahidi wako aliyekula kiapo yuko ndani ya sanduku ulilolinunua wewe, na mapipa mawili yako gereji, bati tupu, yanangoja Jumatatu. Hatukuombi rambirambi wala hatukuombi radhi. Gidion na Shumbana wanalazwa kesho asubuhi, daktari yuko hapa, amesimama nyuma ya akina mama, na amekuja na kalamu. Sanduku hili halitashuka mpaka usimame mbele ya padri na mwenyekiti wa kijiji, ututajie jina la kilichomo ndani ya yale mapipa. Simama, mzee. Litaje.