Maji ya Kisima cha Relini

Basi lilikuwa halijatoka stendi pale mzee aliyeketi mbele yangu alipomuuliza mama mmoja mshonaji, jirani yake wa kiti, anakwenda wapi na nguo nzuri namna ile.

"Mahakamani, baba. Mtaa mzima tumekishtaki kiwanda cha ngozi. Kemikali zao zimeingia kisimani kwetu, kile cha relini."

Mzee akatabasamu kwanza. "Kile nimekinywa ujana wangu wote. Maji baridi, hata jua liwake vipi."

"Mimi nikitumwa ndoo nzima nilikuwa nafika nyumbani na nusu. Nyingine nimeshainywa njiani."

Walicheka kama waliolelewa nyumba moja. Mimi nilikuwa na gazeti, ukurasa uleule tangu nipande.

"Sasa yananuka," mama alisema. "Dada yangu figo zimeharibika. Alikuwa ndiye mwenye nguvu kuliko sisi sote."

"Pole, mwanangu. Ila kijana wangu yuko kiwandani pale. Mkishinda watafunga, na ana watoto."

"Sitaki wafunge. Nataka wasafishe uchafu wao. Kwani yeye kazini anakunywa maji gani?"

Mzee alitazama dirishani. "Ya chupa. Kiwanda kinawapa."

"Tangu lini?"

"Miaka sasa."

"Basi aje aseme hayo mbele ya hakimu, baba."

Kondakta akaita kituo cha mahakama. Mzee alisimama kumpisha, mkono umeshika chuma. Mama akashuka, na mlango ulipofungwa mzee alikuwa bado amesimama.