Mzee Gazeti na Kitambaa cha Maua ya Njano

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, fundi wetu mkongwe atavua ovaroli baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kulala chali chini ya magari ya shirika letu la maji. Tunamwita Mzee Gazeti. Jina lake la kwenye faili wengi hawalijui, na juzi katibu muhtasi alilazimika kuuliza mara mbili kabla ya kulichapa kwenye kadi ya mwaliko.

Kwa desturi ya karakana hii, meneja ndiye huandika wasifu wa anayeagwa, na anayeagwa hugeuka malaika. Fundi aliyechelewa kila Jumatatu husomewa kuwa alikuwa nguzo ya nidhamu, naye hupiga makofi kwa mshangao kuliko wote. Mzee Gazeti analijua hilo. Wiki mbili zilizopita alikuja ofisini kwangu, akafuta mikono kwanza, akasema, "Bosi, niandike nilivyo. Ukinipaka rangi, watu watauliza mazishi ni lini."

Nilikubali. Ubaya ni kwamba siwezi kumwandika yeye alivyo bila kujiandika na mimi nilivyo. Katika faili lake kuna barua moja ya onyo kwa uzembe. Barua hiyo ilimnyima cheo, na jambo pekee analotaka kabla ya kutoka getini ni kutoka bila neno hilo. Aliyeitia saini ni mimi.

Tuanze mwanzo. Aliajiriwa kuosha magari. Mwezi wake wa tatu kazini alimweleza fundi mkuu wa wakati ule kwamba gari lililotoka kutengenezwa lingevuja kabla ya Jumamosi. Likavuja Alhamisi. Fundi mkuu alinuna siku mbili, kisha akampa spana.

Jina la Gazeti lilitokana na kazi, si na usomaji. Gari kuukuu likiletwa kwa kuvuja, hakukimbilia kufungua chochote. Alitandika magazeti chini ya injini, akaenda zake nyumbani, asubuhi akaja kuyasoma. Tone jeusi ni oili ya injini, jekundu ni la gia au usukani, la kijani ni maji ya rejeta. Kila tone alilizungushia kalamu na kuandika limeangukia wapi. Wageni waliomkuta amechuchumaa, miwani puani, walidhani shirika linaajiri watu wa kufuatilia habari za michezo. Meneja mmoja aliyepita alipiga marufuku magazeti karakanani kwa madai kwamba yanapoteza muda. Wiki mbili baadaye gari lake mwenyewe liliacha doa mbele ya ngazi za ofisi kuu, na marufuku ikafa kimyakimya.

Baada ya magazeti aliosha injini, akaikausha, akainyunyizia poda ya watoto na kuomba gari liendeshwe kilomita kumi. Oili ikipita kwenye poda huacha njia, naye aliifuata njia hiyo kwenda juu kwa tochi na kioo kidogo cha kujipodolea cha mkewe, ambaye alikuwa amekwisha kata tamaa ya kurudishiwa. "Oili haina miguu ya kupandia," aliwaambia wenzake. "Ukiiona chini, anza kutafuta juu." Upepo wa safari nao huisukuma nyuma, kwa hiyo gasketi ya juu, ile inayoziba maungio ya injini, ikichoka, tone huenda likaangukia nyuma kabisa, na mtu mwenye haraka hubadilisha sili ya nyuma, mpira wa kuzuia oili, ambayo haina kosa lolote.

Mtu mwenye haraka, hapa karakanani, nilikuwa mimi.

Miaka sita iliyopita nilikuwa msimamizi wa mafundi. Gari namba nne, pikapu yenye umri mkubwa kuliko baadhi ya madereva wetu, lilikuwa likivuja kidogo kwenye gasketi ya mfuniko wa juu wa injini. Dereva wake, mama asiye na subira na watu lakini mwenye subira na gari, aliliita Bibi. Kamati ya ukaguzi ilikuwa njiani. Ili kuharakisha mambo, injini niliiosha kwa mkono wangu. Kabla ya kuosha, fundi huziba bomba la pumzi, lile linalotoa hewa ndani ya injini, ili maji yasiingie. Nililiziba kwa kitambaa. Mzee Gazeti akabadilisha gasketi, kamati ikaja, ikanywa chai, ikaondoka imeridhika.

Wiki haikuisha, Bibi akaanza kutokwa na oili kila upande. Mzee aliomba siku moja ya kuanza juu na kushuka polepole. Nilimjibu kwamba fundi halipwi kutafakari: inatoka nyuma, badilisha nyuma. Akabadilisha. Ikatoka mbele. Akabadilisha mbele, ikatoka chini. Kamati ikaanza kusema gari lifutwe, nami nikahitaji mtu wa kulaumiwa ambaye si mimi. Niliandika barua: uzembe na uharibifu wa vipuri. Mzee aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akauliza kama sasa anaweza kupewa ile siku yake.

Nilimpa, kwa dharau. Alivuta kiti, akawasha injini, akafungua kifuniko cha kumiminia oili na kuweka kiganja juu yake. Kiganja kikasukumwa. Dereva, aliyekuwa pembeni, alinisimulia kwamba mzee alicheka peke yake na kusema, "Pole, Bibi, kumbe umezibwa pua!" Hewa ilikuwa imekosa pa kutokea, ikawa inaisukuma oili nje popote ilipopata upenyo. Akafuata bomba la pumzi, akaingiza koleo, akachomoa kitu na kukitia mfukoni. Kwenye kadi ya kazi aliandika kwamba bomba lilikuwa limeziba na limezibuliwa. Hakuandika nani aliyeliziba. Bibi hajavuja mpaka leo.

Kesho yake nilikuta kifurushi cha gazeti mezani kwangu. Ndani mlikuwa na kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi, chenye maua ya njano. Matambara ya karakana ni ya kijivu. Maua ya njano yalikuwa ya pazia la zamani la sebuleni kwangu, ambalo mke wangu alilikata vipande nikafutie mikono, na hakuna fundi hapa ambaye hajawahi kunicheka kwa ajili yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuhusu anayeziba pua ya injini hawakuacha neno.

Ningependa kuandika kwamba siku hiyohiyo nilikwenda kuifuta barua. Nilikwenda kupokea cheti. Kwa kuliokoa gari namba nne nilipewa cheti cha ufanisi chenye fremu, na miezi minne baadaye umeneja. Nafasi ya usimamizi niliyoiacha ilikuwa haki yake. Jopo lilifungua faili, likaiona barua, likamleta mtu wa nje. Tangu hapo Mzee Gazeti amewafundisha wasimamizi wawili kazi ambayo angeifanya yeye, na kila asubuhi amenisalimia na kuniuliza hali ya watoto. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imefika miaka sita, tena ofisini penye feni. Naona haya, na ninaiandika haya hiyo hapa ili isomwe kwa sauti.

Juzi nilimuuliza kwa nini hakusema. "Nilikuonyesha inapovuja, bosi," alinijibu. "Kufunga ilikuwa kazi yako." Hakuwa na hasira. Kisha akaongeza kwamba barua haikumuuma sana siku aliyoipokea. Ilimuuma siku mkewe alipoikuta kabatini akitafuta kadi ya kliniki, akaisoma, akairudisha mahali pake bila kumuuliza kitu.

Basi, kabla ya shukrani. Jana niliwasilisha kwa mkurugenzi maelezo yangu yenye saini, pamoja na kitambaa kama kielelezo. Barua ya onyo imefutwa kwa barua nyingine, ambayo itasomwa Ijumaa mbele ya mkewe na wanawe, kabla ya mtu yeyote kufungua soda. Cheti nimekitoa ukutani. Mimi nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu.

Mzee Gazeti, asante kwa magari yaliyofika, kwa vijana uliowafundisha kuanza juu, na kwa pasi uliyoipiga kile kitambaa. Kioo cha shemeji yetu tumemnunulia kipya, usikichukue. Uzee wako uwe wa raha, uamke saa uipendayo, na afya ikukae. Ukipita ofisini kuaga, usishangae ukiinama: chini ya kiti changu nimekwisha kutandika gazeti.