Mwalimu Lenah Wawira Kiunga (1966–2025), Aliyenyamaza Mbele ya Gredi ya Nne

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, Mwalimu Lenah alitoka nyumbani Mikinduri akiwa mzima. Alikunywa chai, akamwambia mume wake, Mzee Kiunga, asisahau kuhamisha mbuzi, akaenda shule. Kufika saa ya chakula cha mchana alikuwa amefariki. Walipokuja kumwambia mzee, aliwauliza ni Lenah yupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1966 huko Karurumo, Embu, mtoto wa tatu wa marehemu Muturi na marehemu Gladwell Igoki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Karurumo hadi 1979, kisha sekondari upande wa Runyenjes hadi 1983. Mwaka wa 1986 aliingia Chuo cha Walimu cha Egoji, akamaliza 1988, akatumwa kufundisha huku Mikinduri, kwa Wameru.

Kimeru hakujua. Kiunga, ambaye hakusoma, naye Kiembu hakujua. Walipatana kwa Kiswahili, ndiyo maana haya yanasomwa kwa Kiswahili. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990. Wazee wa Karurumo walimuuliza bwana harusi atamlisha nini msichana wao, miraa? Lenah alijibu kabla yake. "Mimi nina mshahara. Yeye atalisha mbuzi." Wazee walicheka, mambo yakaisha. Mungu aliwapa Thuranira na Maxine.

Alifundisha miaka thelathini na saba. Watoto wengi wa huku huamka mapema kuchuma miraa kabla ya shule, wakifika darasani kichwa kinalala kwa dawati. Kiboko hakuwa nacho. Aliyesinzia alisimama dirishani akasoma akiwa wima, na hakuna aliyeruhusiwa kumcheka. Aliyekuja na njaa alipewa uji kwanza, hesabu baadaye. Na darasa likianza kelele, yeye alinyamaza. Aliketi, akaweka mikono juu ya meza, akawangoja. Watoto walinyamazishana wenyewe mpaka kila jicho likarudi mbele, kisha akaendelea pale alikuwa ameachia. Mkaguzi mmoja aliingia akakuta kimya, akauliza kama ni mtihani. "Hapana," alimjibu, "wananirudia." Nyumbani pia, watoto wakigombana mezani, alishika mwiko akangoja. Mzee naye alingojwa mara nyingi.

Hapa ndipo watu huandika ugonjwa. Hakukuwa na ugonjwa. Mwezi wa Aprili alipimwa presha, wakasema iko sawa.

Siku hiyo Gredi ya Nne walianza kelele. Mwalimu akaketi, akaweka mikono juu ya meza, akanyamaza. Kathure, kiongozi wa darasa, msichana wa miaka kumi, akawaambia wenzake watulie. Wakatulia. Wakangoja. Kengele ikalia na bado wakangoja, kwa sababu hakuna anayetoka kabla mwalimu hajasema. Kathure ndiye alisimama akaenda akamgusa mkono.

Sokoni kuna watu wamesema watoto walikaa tu wakimtazama mwalimu akifa. Hayo maneno yalimfikia Kathure. Tangu hapo hakurudi shule, na kula kukawa shida. Jumamosi, Mzee Kiunga alienda kwao, akaketi kando yake mlangoni. Akamngoja.

"Guka," msichana akasema, kama watoto wa huku wanavyomwita babu, "mimi ndiye niliwanyamazisha. Wangepiga kelele, mwalimu wa darasa la jirani angekuja."

"Daktari aliniambia moyo ulisimama mara moja. Hata yeye daktari angekuwa dawati la mbele, hangefanya kitu."

"Unasema tu ndio nisilie."

"Mimi sijui kusema maneno ya kufurahisha mtu. Uliza yeyote hapa Mikinduri."

Kathure akauliza kama Mwalimu alisikia uchungu. Mzee akasema hilo hajui. Akafikiri, kisha akamwambia, "Kitu najua ni hiki. Wakati anaenda, mlikuwa mnamwangalia nyinyi wote, hata wale wa nyuma. Hiyo kazi aliifanya miaka yote akitafuta hivyo tu."

Msichana akalia kwa nguvu. Mama yake akaleta chai, na Kathure akainywa.

Kwa hivyo, wale wa sokoni wasikie leo mbele ya kaburi. Watoto hawakumwacha mwalimu wao. Walimngoja kama alivyowafundisha.

Mwalimu Lenah amewaacha mume wake Kiunga, watoto wake Thuranira na Maxine, wajukuu watatu, na dada yake mkubwa wa Majimbo, Embu. Amewaacha pia Gredi ya Nne. Wao hawatakaa na wageni. Viti vyao viko katika hema ya familia, na cha Kathure kiko karibu na cha mzee.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Watoto hawana kosa.