Boti Iliyochorwa kwa Mkaa

Ijumaa asubuhi Fundi Saa alifika kijiweni akachukua kipande cha mkaa kabla hata ya kuagiza kahawa. Kijiwe chenyewe ni benchi refu lenye mguu mmoja wa kuazima, limeegemea ukuta wa duka ambalo mwenyewe alilifunga akaenda zake, na mbele yake pana sakafu ya saruji iliyoenea kama ukumbi. Fundi Saa amezoea kushika vitu vidogo, skrubu na mishale ya saa, lakini siku hiyo alikuwa ameshika jambo kubwa. Mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mchana, saa zake za kulala, jirani wa kushoto anachomelea mageti, wa kulia anasaga unga kwa mashine, na wa juu ana redio isiyozimwa. Juma lile mama wa watu alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote, asijue. Kisha akasema, bila ugomvi, kwamba kama mambo ni hayo atahamia kwa dada yake akatafute usingizi. Ndipo Fundi Saa alipopata wazo: boti ya kulala ndani, waitie nanga katikati ya ziwa kila Jumamosi na Jumapili, wasikie maji tu. Muuzaji alikuwa nazo mbili, ndogo na kubwa, na alitaka jibu kabla ya adhuhuri.

Fundi Saa akapiga magoti, akaichora ile ndogo sakafuni kwa ukubwa wake halisi: pua, vitanda viwili, jiko la moto mmoja, choo nyuma ya pazia.

— Hiyo boti au jeneza la familia? aliuliza Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamstaafisha.

— Ni ya watu wawili, bwana. Mimi na mke wangu.

— Ukiwa ndani unasimama?

— Nasimama, nikiinama kidogo.

— Basi husimami! Mtu hanunui nyumba ya kuisujudia. Chukua kubwa.

Mama Birika, mwenye kahawa, akaja akatazama, mkono kiunoni.

— Na jiko la moto mmoja la nini? Mkeo akiamka atataka kahawa. Ongeza moto wa pili, na pahali pa kuweka birika langu.

— Birika lako linakuja kufanya nini ziwani?

— Kwani atakunywa maji ya samaki?

Fundi Saa akawaza. Ni kweli mkewe hupenda kahawa akiamka. Akafuta ukuta wa jiko kwa kiganja, akausogeza. Hapo ndipo alipokosea. Ukuta ukishasogezwa mara moja mbele ya watu wa benchi, haukai tena.

— Nyuma weka taa na vioo, akasema Breki. Halafu honi, ile ya kupandia milima. Kwenye kona ya ziwa hujui nani anakuja.

— Ziwa lina kona?

— Kila chenye mwisho kina kona, kaka. Mimi ni wa barabarani, usinifundishe.

Wakili alikuwa bado hajasema. Huyu jina alilipata kwa kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani.

— Kisheria, alianza, boti ya kulala ni nyumba. Nyumba isiyo na sebule ni kosa.

— Kosa gani?

— Kosa. Mgeni akija utampokea kitandani?

— Mgeni atokee wapi katikati ya maji?

— Kwani sisi ni nani?

Fundi Saa akainama tena. Akachora sebule. Sebule ikataka makochi, na makochi, Breki alivyosema, ni vitanda vyenye aibu, basi heri viwe vitanda kabisa.

— Sasa hii imeshakuwa ile kubwa, Fundi Saa alinung'unika. Na ile kubwa muuzaji alikiri inavuja kidogo. Ina ufa chini.

— Kidogo tu? Mama Birika akacheka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Si ndicho ninachoogopa!

— Unaogopa neema? Wakili aliingilia. Na wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiuzibe! Upate chumba cha ziada bure.

— Na nahodha nani?

— Sote.

— Manahodha wengi chombo huenda mrama, jamani.

— Mrama ndiyo raha yenyewe, akasema Breki. Mtoto mgongoni hulala kwa sababu gani? Shemeji atabembelezwa mpaka akorome. Ila Jumapili kuna mechi. Weka jenereta ya televisheni.

— Jenereta ina kelele.

— Tutafungulia redio, haitasikika.

Boti ikaendelea kukua. Ikalipita benchi, ikapanda ukingo, pua yake ikaingia barabarani, na msukuma mkokoteni akaizunguka kwa adabu akidhani ni kazi ya manispaa. Fundi Saa alitambaa na mkaa wake, magoti meusi, huku akijiambia kwamba yote haya ni kwa ajili ya mke wake.

Mara mke wake akatokea, mto kwapani, mkoba begani, macho mekundu.

— Mashine ya kusaga imeanza, mume wangu. Naelekea kwa dada. Nimepita kukuaga.

— Shemeji, subiri kwanza! alisema Breki. Boti yako hii hapa!

Akaitazama. Akaingia kwa kupitia mlango uliochorwa, asikanyage ukuta.

— Hiki ni nini?

— Kitanda changu, alisema Breki.

— Na hiki cha dirishani?

— Changu, Wakili akajibu. Kifua changu hakitaki joto.

— Na huku?

— Birika langu, mwanangu. Kile pale ni jenereta.

Akazunguka chombo kizima polepole, mto wake kwapani.

— Na mimi nalala wapi?

Mama Birika akaanza kusuuza vikombe visafi. Wakili akakohoa: "Kisheria..." akainamia kamba za viatu vyake. Fundi Saa alikagua sakafu toka pua hadi nyuma, kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu.

— Ile ndogo, alimwambia muuzaji. Ndiyo, hiyohiyo. Hapana, sebule sitaki.

— Sasa sisi tutalala wapi? Breki alinong'ona.

— Kwenu.

Mkewe alimtazama yale magoti meusi, na kwa mara ya kwanza juma lile akatabasamu. Lakini mkoba hakuushusha.

— Leo bado Ijumaa, alisema. Leo nalala kwa dada. Kesho unifuate twende ziwani, na uje peke yako.