Imepita: Maisha ya Marehemu Yusta Laurenti

Marehemu Yusta Laurenti alizaliwa tarehe 8 Machi 1966 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, Mazinde, wilaya ya Korogwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Laurenti na Mama Monika. Babu yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akasema atakaa mkataba mmoja tu, na hakurudi tena. Baada ya Yusta walizaliwa Yordani, Deogratius na Josefina. Wote watatu wamekaa hapa mbele yenu. Wamemtuma Abraham, mtoto wa Yordani, asome maneno haya, kwa sababu wao wenyewe wameona aibu kuyasoma, na wamesisitiza yasomwe hivi hivi yalivyo.

Huwezi kumweleza Yusta bila kumweleza baba yake. Mzee Laurenti alikuwa nyapara. Kazi yake ilikuwa kutembea kwenye mistari ya mkonge na kukagua mafungu ya majani waliyokata watu. Kazi ikimridhisha alisema, "Imepita." Isipomridhisha alilisukuma fungu kwa mguu na kusema, "Rudia." Maneno hayo mawili alikuja nayo mpaka nyumbani. Uwanja ukifagiliwa, alikagua. Ugali ukisongwa, alikagua. Sala ya jioni ikisaliwa harakaharaka, watoto walirudia tangu mwanzo huku wanasinzia. Mama Monika alipofariki mwaka 1983, mzee alisimama juu ya kaburi na kuwaambia wachimbaji warudie upande mmoja, na waombolezaji wakakaa juani wakisubiri. Si kwamba hakuwapenda watoto wake. Alivaa viatu vyenye viraka ili wao wapate vya shule, na hakuwahi kulala kabla hajahesabu vichwa vyao. Lakini neno la kuwaambia kwamba wamefanya vizuri lilikuwa gumu kumtoka.

Yusta alisoma shule ya msingi hapo Mazinde na kumaliza darasa la saba mwaka 1981. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Mara moja mwalimu alimsifu mbele ya darasa kwa ramani ya Tanzania, naye akakimbia nayo nyumbani. Mzee aliitazama, akaona Ziwa Tanganyika limepinda, akasema, "Rudia." Yusta alirudia mpaka karatasi zikaisha ndani ya nyumba. Uzeeni alikuwa akiwachekesha wajukuu kwa kuchora ziwa hilo amefumba macho, na lilitoka sawasawa.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye kiwanda cha mkonge, pale wenyeji wanapopaita korona. Uzalishaji ulipodorora alinunua cherehani na kuanza kushona sare za shule Mombo, karibu na stendi. Wazazi wengi waliopo hapa watoto wao wamevaa mshono wake. Kabla hajamkabidhi mtu nguo yake aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye kila mshono, na mara nyingi alifumua na kuanza upya. Wateja walidhani ni ufundi. Yeye alisema ni woga.

Mwaka 1991 kijana wa Kizigua aitwaye Sufiani, mkulima wa mahindi kutoka hapa Sindeni, Handeni, alimtuma mjomba wake kwenda kuposa, naye mwenyewe akaongozana naye. Mzee Laurenti alitoka nje, akamkagua Sufiani kuanzia kofia mpaka kandambili, akasema, "Rudia." Mjomba akauliza arudie nini. Mzee alikwisha kuingia ndani. Yusta alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na alibaki nyumbani kwa baba yake miaka kumi na minane mingine. Sufiani alioa kwingine, akapata watoto, na baadaye akafiwa na mke.

Mzee Laurenti alifariki tarehe 2 Agosti 2009. Chumbani alikuwa na Yusta peke yake. Yusta alipotoka aliwakuta wadogo zake uwanjani, watu wazima, wengine na mvi, wamesimama mstari mmoja kama walivyozoeshwa. Hakuna aliyekuwa amewapanga.

Deogratius akauliza, "Amesemaje?"

Yusta akawatazama. "Amesema imepita," akajibu. "Kwenu nyote. Amesema imepita."

Yordani alilia akakaa chini. Josefina aliyekuwa na miaka thelathini na mitatu alirukaruka kama mtoto, kisha akakumbuka kwamba kuna msiba.

Mtu angedhani hapo wamefunguliwa. Wapi! Baada ya arobaini Yordani alitaka kung'oa mkonge wa mzee uliokuwa nyuma ya nyumba apande vitunguu. Alishika jembe tangu asubuhi na hakuthubutu kulipiga ardhini mpaka Yusta alipotoka na kumwambia kwamba Baba aliliruhusu na hilo. Josefina alitaka kuwauzia wali abiria wa mabasi, akampigia dada yake. Deogratius alikuwa akitaka kumpa mtoto jina, akapiga simu. "Dada, Baba angesemaje?" Hilo lilikuwa swali lao kwa kila jambo, hata rangi ya bati. Na Yusta alijibu, "Imepita," akakata simu na kurudi kwenye mshono wake, huku akijua anachokifanya.

Siku moja Deogratius alimletea pikipiki aliyonunua kwa mtu, aione. Yusta alikuwa amechoka, uzi umemkatikia mara kadhaa, na pikipiki ilikuwa inatoa moshi. Akasema, "Rudia." Deogratius hakubisha hata kidogo. Aliinamisha kichwa, akaigeuza pikipiki na kuirudisha kwa mwenyewe. Yusta aliisikia sauti ya baba yake ikitoka kinywani mwake, akafunga cherehani na kulia. Aliona aibu ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, haikumtoka tena.

Mwaka 2013 Sufiani alimfuata Yusta Mombo kumposa tena. Kwa wadogo zake Yusta alikuwa na jibu la kila kitu, lakini kwake mwenyewe hakuwa nalo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumdanganya yeye. Akamwambia Sufiani kwamba mzee alishakataa.

Sufiani akamjibu, "Mzee hakukataa, Yusta. Mzee alisema rudia. Haya, nimerudia."

Yusta alicheka mpaka akashikilia meza. Walifunga ndoa bomani Handeni tarehe 14 Februari 2014, kila mmoja akabaki na dini yake, naye akawalea Mwanaidi na Ukasha, watoto wa Sufiani, ambao walimwita mama bila kuambiwa. Majirani wa Sindeni wanajua jinsi nyumba hii ilivyokuwa na kelele za vicheko. Sufiani alikula ugali wenye mabonge na hakusema neno.

Mwaka jana Yusta alianza kusumbuliwa na presha, na mwezi wa Aprili mwaka huu madaktari wakaona figo zimeathirika. Akiwa amelazwa aliwaita wadogo zake wote watatu.

"Baba hakusema imepita," aliwaambia. "Nilimpa uji, akaonja, akasema rudia. Ndilo neno lake la mwisho. Mengine yote niliyasema mimi."

Kisha Deogratius akauliza, "Kwa hiyo pikipiki ni wewe uliyenirudishisha?"

"Ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu."

"Ilikuwa mbovu, dada. Lakini ningegundua mwenyewe."

Wadogo zake wameomba ijulikane kwamba hawakuona aibu kwa sababu dada yao alidanganya. Waliona aibu kwa sababu walikuwa na wajukuu na bado walihitaji kudanganywa. Walimkimbia nyapara mmoja wakamgeuza dada yao kuwa nyapara wa pili, wakamtwisha mzigo ambao hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuubeba, na yeye aliubeba mpaka kitandani.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alfajiri. Siku hiyo ndugu hawa walikaa kwenye mkeka hapa nyumbani kwa shemeji yao na wakashindwa kusema azikwe wapi, Mazinde kando ya baba yake au Sindeni. Sufiani alisema atafuata watakalosema. Wachimbaji walisubiri na majembe yao. Yordani alishika simu, akaanza kutafuta namba ya Yusta, akaiweka chini. Ilipokaribia saa tisa Josefina akasema, "Dada aliniambia kwamba..." Wote wakamtazama. Akajifuta uso kwa khanga.

"Hapana," akasema. "Dada hakuniambia kitu. Mimi ndiye ninayesema. Azikwe hapa, alipocheka."

Kaburi likachimbwa. Upande wa kushoto umepinda kidogo, mtauona mkisogea. Leo asubuhi Yordani aliutazama muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga, akawashukuru wachimbaji na kuwapa maji ya kunywa.

Marehemu ameacha mume, Sufiani, watoto Mwanaidi na Ukasha, wadogo zake Yordani, Deogratius na Josefina, wajukuu, wapwa, na sare nyingi ambazo bado zinavaliwa shuleni.

Yusta alisubiri neno moja tangu ile ramani ya Ziwa Tanganyika. Alilitoa kwa kila mtu, na yeye hakuna aliyempa. Wadogo zake wamemtuma Abraham alisome leo kwa niaba yao, kama lilivyotoka midomoni mwao wenyewe na si kwa jina la mwingine yeyote.

Dada, imepita. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.