Divai Si Pombe: Tunamuaga Muuguzi Tsiala Bekauri

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, tarehe 30 Septemba Muuguzi Tsiala Bekauri anavua koti lake jeupe katika kliniki yetu ya ini hapa Telavi. Anatuachia kabati safi, wagonjwa wakaidi na fomu moja maarufu.

Alipoanza kazi, fomu iliuliza: "Unakunywa pombe?" Wanaume wa bonde letu la mizabibu, macho yamegeuka manjano, waliapa kwa makaburi ya mama zao kwamba hawanywi. Wala hawakudanganya. Kwetu pombe ni gongo ya zabibu. Divai ni chakula. Bibi Tsiala alilifuta swali akaandika: "Jumapili mezani mliinua glasi ngapi za kutakia heri?" Hapo wakahesabu kwa fahari: ya amani, ya marehemu, ya wazazi, ya jirani. Ishirini na mbili!

Najua, maana mmoja wao nilikuwa mimi, Vazha, dereva wa kliniki na tamada wa mtaa, yaani msimamizi wa meza za sherehe. Tamada haruki glasi; ni aibu. Vipimo vilionyesha ini limevimba, na binti yangu alikuwa ameshaposwa. Niliogopa kwamba harusi yake sitaiona.

"Vazha kaka yangu," aliniambia, "tumboni una wapangaji, vijidudu wema. Ukiwalewesha, wabaya wanashika nyumba, ukuta wa utumbo unavuja, na taka zote zinamwagikia ini. Ini si jalala!"

"Na heshima yangu mezani je?"

"Heshima ya tamada iko mdomoni, wewe, haiko kooni."

Niliacha. Siku ya harusi aliketi ubavuni mwangu, akaijaza pembe yangu ya kunywea kwa mtindi uliotiwa maji, heri baada ya heri. Walinicheka mpaka ya tano. Kufikia ya kumi, wazee wawili walikuwa wakimnyooshea pembe zao kimyakimya. Nilimuoza binti yangu nikiwa na akili timamu, na kila neno nililosema siku ile ninalikumbuka.

Bibi Tsiala, ahsante. Tunakutakia mapumziko matamu, afya tele na wageni wasiokuuliza habari za maini yao.

Jumamosi saa saba mchana tunakuandalia meza uani. Divai itakuwepo, maana ni chakula. Tamada ni mimi. Pembe yangu itajaa mtindi, nami nitaimaliza hadi tone la mwisho kwa heri yako.